Milimita Sita

Saa kumi na moja alfajiri, Dundee, Februari,
mto Tay bado mweusi chini ya daraja,
nafungua kabati la joto, natoa sahani za jana.
Jina la mgonjwa: Euphemia Lorimer, miaka themanini na mitatu.
Sampuli: mkojo. Mara ya nne tangu Oktoba.

Juu ya jeli bakteria wametanda kama ukungu kwenye kioo,
na katikati yao vipande sita vya karatasi,
kila kimoja na dawa yake.
Dawa ikishinda, huacha uwanja mtupu kuizunguka,
duara safi kama alama ya kikombe mezani.
Kazi yangu ni rula. Napima utupu.

Oktoba, dawa ya kwanza: ishirini na nne.
Desemba: kumi na tano.
Januari: kumi na moja, na ndani ya uwanja
vidoa viwili, peke yao, vimenona.
Leo: sita.
Sita ni upana wa karatasi yenyewe.
Sita maana yake wamekuja mpaka ukingoni
wakaiegemea dawa kama watu wanaoegemea ukuta.

Watu husema wamejifunza.
Catriona naye husema, na ana shahada mbili.
Zamu ya usiku huniletea vina bila kuvialika;
hivi niliviandika nyuma ya boksi la glavu:

    Hawakusoma shuleni, wala hawana walimu,
    Kosa dogo mwandikoni, herufi moja dhalimu,
    Wakafa kwa milioni, mmoja akahitimu,
    Akabaki uwanjani, mrithi wa yote humu.

Ndiyo hivyo. Hakuna aliyekuwa jasiri.
Yule mmoja alikuwepo kabla ya dawa,
na kilema kisicho na faida,
mlango wake umepinda kidogo tangu kuzaliwa.
Dawa ilipopita nyumba hadi nyumba
kwake haikuweza kuingia.
Kila dakika ishirini, mmoja huwa wawili.
Piga hesabu mpaka asubuhi.

Kisha kuna ile pete:
uzi wa urithi uliojifunga ukawa duara,
huyu humpa jirani, hata asiye wa ukoo wake,
bila mahari, bila mashahidi.
Effie alifuma magunia ya juti
kwenye kiwanda chenye kelele za kuua masikio;
wanawake walizungumza kwa midomo na vidole,
habari ikavuka ukumbi mzima
msimamizi hajageuka.
Vivyo hivyo sasa, ndani ya kibofu chake.

Muuguzi alikuta vidonge vinane
kwenye kopo la biskuti. Vya mara nyingine, Effie alimwambia.
Sikucheka. Muheza, nikiwa na miaka kumi na tisa,
nilinunua kapsuli za rangi mbili, nne tu,
za mafua ambayo hayakuzihitaji,
na muuzaji akanirudishia chenji kwa pipi.
Kuna kuku pia, kuna mabomba ya maji machafu,
kuna daktari na foleni yake Ijumaa jioni.
Hayo siwezi kuyapima kwa rula.

Dawa ya moto ni moto, tunasema.
Hapa ni kweli: sahani nikishazisoma
naziingiza kwenye mtungi wa mvuke,
nyuzi mia moja ishirini na moja,
na habaki hata mmoja wa kurithi chochote.
Lakini Effie si sahani.

Saa moja kasorobo simu inalia, wodini.
Kuna iliyobaki?
Naigeuza sahani kwenye mwanga, kipande cha mwisho,
ile ya mshipani, ghali, inayochosha figo.
Napima mara mbili.
Kumi na tisa, nasema.
Anataka nirudie, kuna kelele upande wake.
Kumi na tisa.